Gari la Turbo au Lisilo na Turbo: Lipi Litadumu Katika Barabara Zetu?



Katika vikao vya kamati za miradi vya robo iliyopita swali moja lilijitokeza karibu katika kila usharika tuliotembelea. Marafiki zetu wa ng'ambo wamekubali kutusaidia kupata gari la kuhudumia zahanati na miradi ya maji katika jimbo letu la milimani, nao wametuomba tuseme wenyewe tunahitaji gari la aina gani. Wajumbe wengi, hasa wazee, walijibu bila kusita: lolote, ila lisiwe na turbo, kwa sababu turbo haidumu. Wengine, na hasa madereva, walisema gari lisilo na turbo halina nguvu ya kupanda milima yetu na kwamba tutakuwa tumeletewa konokono. Pande zote mbili zilitaka ofisi yetu itoe maelezo. Tumezungumza na mafundi wa gereji tatu, tumepitia vitabu vya magari yetu wenyewe, na tumeona ni vema maelezo hayo yachapwe hapa ili kamati na wafadhili wayasome kwa pamoja.

Tuanze na namna injini inavyopumua. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha moto kama ya petroli. Hewa huingia katika silinda, pistoni huigandamiza mpaka inakuwa ya moto mkali, kisha dizeli hupulizwa ndani na kujiwasha yenyewe. Kiasi cha dizeli kinachoweza kuungua vizuri hutegemea kiasi cha hewa kilichoingia. Ukizidisha dizeli bila kuongeza hewa hupati nguvu, unapata moshi mweusi. Katika injini isiyo na turbo pistoni inaposhuka huvuta hewa yenyewe, kama vile muuguzi anavyovuta dawa kwa bomba la sindano, na haiwezi kupata zaidi ya kile ambacho anga linatoa mahali hapo.

Turbo ni pangaboi mbili ndogo zilizofungwa kwenye shafti moja. Ya kwanza husukumwa na moshi wa moto unaotoka katika injini, moshi ambao vinginevyo ungepotea bure kwenye bomba. Ya pili huzunguka pamoja nayo na kusukuma hewa kwa nguvu kuingia katika silinda. Wazo hili si geni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilipatia hataza mwaka 1905, na kwa miaka mingi lilitumika zaidi katika meli, ndege na mitambo mikubwa kabla halijafika kwenye magari madogo.

Kwa sisi tunaoishi nyanda za juu jambo hili lina uzito wa pekee. Vijiji vingi vya Njombe na Makete viko mita 2,000 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ilivyo Dar es Salaam, na Kitulo upungufu unakaribia robo. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hicho hicho. Gari lililokuwa na nguvu za farasi 130 bandarini linafika kwetu likiwa na mia moja hivi, na hapo ndipo linapakiwa mabomba ya maji, saruji, na watu kumi. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo madereva wanaolalamika hawatafuti anasa.

Sasa tuje kwenye kudumu. Tuna bahati kwamba upo mfano mzuri wa kulinganisha, na wengi wenu mmeupanda. Mwaka 1990 Toyota ilitoa injini mbili za dizeli kwa ajili ya Land Cruiser, zote za silinda sita, zote za ujazo wa sentimita 4,164. Moja iliitwa 1HZ, haina turbo, na ndiyo tunayoifahamu katika hardtop nyingi za hospitali na mashirika, zile zenye mkonga wa kuvutia hewa unaopanda mpaka usawa wa paa. Nyingine iliitwa 1HD-T, nayo ina turbo. Ni kama ndugu waliozaliwa nyumba moja. Ile ya kwanza hutoa nguvu za farasi karibu 130, ya pili karibu 165. Tofauti ya nguvu ya kuvuta nayo ni kubwa: 1HZ hutoa kama nyutonimita 285, na 1HD-T kama 360, tena katika mzunguko wa chini, pale dereva anapoihitaji gari likiwa gia ya pili kwenye matope.

Kama turbo peke yake ingekuwa inaua injini, tungetarajia 1HD-T ziwe zimekwisha zote zamani. Sivyo ilivyokuwa. Injini hizo zimejulikana duniani kwa kwenda kilomita laki nne, tano na zaidi. Ni kweli matoleo ya mwanzo yalijulikana kwa beringi za konrodi kuchakaa mapema, na mafundi waliozifahamu walizoea kuzibadilisha kabla injini haijanoki. Hapo kuna somo: nguvu inayoongezeka haitoki mbinguni. Inabanwa na pistoni, beringi, gasketi ya hedi na rejeta. Mtengenezaji aliyejua kazi yake huviimarisha vyote hivyo anapoweka turbo. Ndiyo maana tunazisihi kamati zisikubali fundi anayejitolea kufunga turbo kwenye 1HZ ya zamani "ili ichangamke." Pistoni na hedi yake havikuundwa kwa joto hilo, na wengi waliojaribu wameishia na hedi iliyopasuka.

Mfano mwingine uko stendi. Karibu basi lolote kubwa linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya lina turbo. Malori ya mizigo yanayokwenda Tunduma yana turbo. Scania zinazopita hapa usiku na mchana zimekwenda kilomita laki nyingi sana, nyingine milioni moja, kabla ya kufanyiwa ovaholi. Mwenye basi asiyejua hesabu za oili hufilisika haraka, kwa hiyo aliyebaki barabarani anajua kutunza. Hatuwezi kusema turbo haidumu huku tunasafiri nayo kila tunapokwenda kwenye mkutano.

Kwa nini basi mafundi wetu wana turbo nyingi zilizokufa zilizorundikwa nyuma ya gereji? Jibu liko kwenye ile shafti. Injini ya dizeli ya gari dogo huzunguka mara elfu nne hivi kwa dakika ikikazwa. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande wake mmoja unapigwa na moshi wa joto la nyuzi mia saba au zaidi. Katika turbo nyingi shafti hiyo haikukalia gololi kama gurudumu la baiskeli. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Oili hiyo ndiyo beringi, na hiyo hiyo ndiyo inayoipoza. Ikiwa chafu, inakwangua. Ikipungua, chuma kinagusa chuma, na kwa mwendo ule ni suala la dakika chache tu.

Injini isiyo na turbo nayo inahitaji oili safi, lakini ni mvumilivu. Unaweza kuidhulumu mwaka mzima na ikakudai polepole: inaanza kula oili, inatoa moshi, inakuwa ngumu kuwaka asubuhi. Ya turbo haikopeshi hivyo.

Haya hatukuyasoma kitabuni tu. Mwaka 2019 mradi wetu wa maji ulikuwa na pikapu ya dizeli yenye turbo. Oili ilipaswa kubadilishwa kila kilomita 5,000. Fungu la uendeshaji lilikwisha mapema, awamu ya pili ya fedha ikachelewa, nasi ofisini tukasema gari liendelee kidogo. Liliendelea mpaka likapita kilomita 13,000. Dereva aliandika mara mbili katika kitabu cha safari kwamba anasikia mluzi mpya injini inapokazwa. Kitabu kile kina sahihi yetu chini ya kila ukurasa. Tulitia sahihi, hatukusoma.

Wiki iliyofuata, usiku, gari lile liliombwa kumpeleka hospitalini mama aliyekuwa na uchungu tangu asubuhi. Katikati ya mlima mluzi uligeuka kuwa mlio wa kusaga, moshi wa bluu ukajaa barabara nzima, na gari likakosa nguvu. Dereva alilizima mara moja, na alifanya jambo la busara kuliko alivyojua, kama tutakavyoeleza. Mama yule alipandishwa kwenye Fuso lililokuwa limebeba viazi. Mtoto alizaliwa salama, tunamshukuru Mungu, lakini alizaliwa ndani ya Fuso, juu ya magunia, kwa mwanga wa tochi ya simu. Nalo Fuso lile, tuseme ukweli, lilikuwa la turbo.

Kisa hakikuishia hapo. Tulinunua turbo iliyotumika kwa sababu ilikuwa rahisi, fundi akaifunga siku hiyo hiyo, na baada ya majuma matatu nayo ikafa. Fundi mwingine ndiye aliyetuonyesha sababu. Bomba jembamba linalopeleka oili kwenye turbo lilikuwa limeziba kwa masizi magumu ya oili iliyoungua, na hakuna aliyelifungua kulisafisha. Turbo ya pili ilikuwa imefungwa ili ife kwa kiu. Fedha zilizotumika kwa turbo hizo mbili, kuvutwa kwa gari na kukodi gari jingine zingetosha kubadilisha oili na filta kwa miaka kadhaa. Tangu siku hiyo tunamwuliza kila fundi swali moja kabla ya kulipa: turbo ya kwanza ilikufa kwa nini? Asiyeweza kujibu hatumpi kazi.

Masizi hayo hutokea hivi. Gari linapomaliza mlima mrefu turbo huwa ya moto sana. Dereva akizima injini papo hapo, pampu ya oili inasimama, na ile oili kidogo iliyobaki ndani ya turbo inaungua na kugeuka gamba. Ndiyo maana vitabu vya magari mengi ya aina hii huagiza injini iachwe iungurume bila kukanyagwa kabla ya kuzimwa: sekunde ishirini hivi baada ya mwendo wa kawaida wa barabara kuu, na hadi dakika mbili baada ya kupanda mlima mrefu. Kwa safari za kuzunguka mjini si lazima. Zahanati yetu moja iko juu kabisa ya mlima, na gari hufika pale likiwa limechemka kila siku ya Mungu.

Kuhusu kuzima haraka kwa moshi wa bluu, hapo kanuni hubadilika. Moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Turbo ikivunjika vibaya inaweza kumwaga oili kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli ikaanza kuitumia oili hiyo kama mafuta. Hapo injini hujipiga resi yenyewe, na hata ukizima kwa ufunguo haisikii, mpaka oili iishe na injini inoki. Katika gari la gia za mkono njia ya kuizuia ni kukanyaga breki kwa nguvu, kuweka gia ya juu, na kuachia klachi ili injini ikabwe. Madereva wote wa Dayosisi wafahamu jambo hili. Wasijaribu kuinama mbele ya injini ya namna hiyo.

Adui mwingine ni vumbi. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta kama lita 4,200 za hewa kila dakika, na yenye turbo huvuta zaidi. Kiangazi katika barabara zetu hewa hiyo imejaa unga mwekundu. Filta iliyochanika, au klampu ya mpira iliyolegea, hupitisha vumbi ambalo linakwangua pangaboi za turbo na kuta za silinda pamoja. Hapa hakuna tofauti kati ya magari mawili. Yote hufa, ila la turbo hutangulia.

Lakini tukiwa wakweli, mafundi wote watatu walituambia kwamba katika magari ya dizeli ya miaka ya karibuni turbo inasingiziwa mengi. Kinachowaletea kazi zaidi ni mfumo wa mafuta. Katika 1HZ nozeli hufunguka kwa shinikizo la baa 150 hivi, na fundi wa wilayani aliye makini anaweza kuihudumia. Katika injini mpya pampu hukandamiza dizeli hadi baa 1,600 na zaidi, yaani zaidi ya mara 600 ya upepo wa tairi, na nozeli huamriwa na kompyuta. Chembe ya vumbi au tone la maji katika dizeli linatosha kuziharibu. Dizeli ya kwenye madumu, inayouzwa kandokando ya barabara, ni sumu kwa gari la namna hiyo. Itakumbukwa kuwa uchanganyaji wa mafuta ya taa katika dizeli ulikithiri kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hali ni bora kuliko ilivyokuwa, lakini dumu ni dumu. Aidha, gari hilo likigoma linahitaji mashine ya kusoma kompyuta yake, na mashine hiyo kwetu iko mbali. Kwa kuwa injini hizi mpya karibu zote zina turbo, lawama zote zinaangukia turbo.

Baadhi ya wachungaji wametuuliza pia juu ya magari madogo ya petroli yanayoagizwa Japani. Jibu letu ni fupi. Moshi wa petroli ni wa moto kuliko wa dizeli, na turbo ya petroli inataka oili bora na petroli bora. Kwa mchungaji anayejilipia mwenyewe matengenezo, IST isiyo na turbo inatosha kabisa, hata kama Forester ya turbo inapendeza macho.

Turudi kwenye gari la jimbo la milimani. Mwinuko wa nchi yetu unashauri turbo. Barabara zinashauri turbo. Lakini tulipopitia vitabu vya magari yote ya miradi kwa miaka miwili iliyopita, hatukukuta hata gari moja lililobadilishwa oili kwa wakati kwa mwaka mzima. Si kwa sababu madereva ni wavivu. Ni kwa sababu wafadhili wengi hutoa fedha za kununua gari na kusita kutoa fedha za kulitunza, nasi kwa upande wetu tumekuwa tukiona haya kuomba fedha za oili, kana kwamba ni ombi la aibu. Tunapiga picha gari likiwekwa wakfu, likiwa na maua. Hakuna anayepiga picha filta.

Kwa hiyo ofisi yetu imependekeza yafuatayo kwa Halmashauri ya Dayosisi. Endapo mkataba wa gari utakuwa na fungu la matengenezo la miaka mitano, lililotengwa na lisiloweza kuhamishiwa kazi nyingine, tuombe gari la turbo, kwa kuwa litafanya kazi vizuri zaidi mlimani. Endapo halitakuwapo, tuombe hardtop isiyo na turbo, tukubali kwamba itapanda polepole na itabeba pungufu, na tukumbuke kwamba mkanda wake wa taimingi nao una siku zake, kila kilomita 100,000, na ukikatika huharibu injini bila kujali kama kuna turbo au hakuna. Hatupendekezi kabisa kupokea gari la turbo kwa matumaini kwamba fedha za oili zitapatikana mbele ya safari. Tumeshafanya hivyo mara moja.

Kwa marafiki zetu wanaosoma jarida hili kutoka mbali, tunaomba fungu hilo lijadiliwe sasa, kabla ya kuagiza gari. Kamati za sharika tano zitakazotumia gari zinaombwa kuleta majibu mawili katika kikao kijacho: kila usharika utachangia kiasi gani kwa mwezi, na ni nani, jina lake, atakayesoma kitabu cha safari kila Jumatatu kabla ya kutia sahihi.

Pikapu ile ilitengenezwa na inaendelea na kazi, bado ikiwa na turbo. Abiria wanaoshuka pale zahanati ya juu na kumwona dereva bado amekaa huku injini ikiunguruma, tafadhali wasimgongee kioo. Anahesabu dakika mbili.